Kitenzi Kilichobaki

Kamusi yetu ya Kiingereza na Kiswahili ilikuwa na maneno elfu ishirini na nane, na yote yalikuwa tayari isipokuwa moja. Usinicheke. Utadhani lilikuwa neno gumu, la madaktari au la wanasheria, la kumvunja mtu ulimi. Lilikuwa wait. Neno ambalo mtoto wa chekechea analijua, lililobandikwa kwenye milango ya ofisi zenye foleni. Tulikuwa tumeyamaliza maneno ya upasuaji wa moyo, tukaja kukwama kwenye kungoja.

Aliyetukwamisha alikuwa baba yangu mzazi. Yeye ndiye aliyeianzisha kamusi ile, akaifanyia kazi miaka thelathini na mmoja, na sasa ulikuwa mwezi wa nane hajakanyaga ofisini kwa sababu ya kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa. Maneno yote aliyoyakusanya yalikuwa yamemtoka kichwani, au yalikuwamo ila njia ya kutokea imezibwa. Daktari mwenyewe hakuwa na hakika. Alibakiwa na mawili, "hapana" na "bado". Ukimwuliza kama anataka chai, bado. Ukimwuliza kama maumivu yamepungua, bado. Na huyu ni mtu aliyekuwa akigombana na maprofesa kutwa nzima juu ya mkato mmoja.

Mimi nilikuwa mhariri msaidizi wake. Na kwa kuwa nimeamua kusema, niseme yote: kwa miaka tisa nilikuwa nimemnunia. Sikumtukana, wala sikumvunjia heshima mbele za watu. Kila asubuhi nilimwamkia ofisini, shikamoo Baba, akaitikia marahaba, tukafanya kazi meza kwa meza, basi. Alipougua nilikwenda kumwona kila Jumapili, na kila Jumapili nilisimama. Shangazi, yaani dada yake anayemtunza, alinisogezea kiti kila mara, na kila mara nilisema nina haraka. Kukaa ndani ya nyumba ile kulinishinda kwa sababu ya siku aliyokufa Mama. Daktari alikuwa ameniambia waziwazi kwamba Baba hataumaliza mwaka. Nilijua kwamba ama kinyongo changu kiishe wakati bado nina baba, ama nitabaki nacho peke yangu mpaka na mimi nizikwe. Nilijua, na sikufanya lolote.

Lazima nieleze tulivyofanya kazi, maana bila hivyo hutaelewa kilichotupata. Watu wengine wakitunga kamusi kama yetu huanza na sentensi ya Kiingereza, kisha wanaitafsiri. Baba aliona huo ni uvivu. Alisema ndiyo maana kamusi zao zinaongea kama barua ya kumfukuza mtu kazi. Kwetu sisi, sentensi ya mfano ilianza kwa Kiswahili, na lazima iwe imetoka kinywani mwa mtu aliye hai, aliyeisema kwa shida zake mwenyewe. Ukiisikia, unaiandika papo hapo kwenye kadi: sentensi, msemaji, mahali, tarehe na saa, na chini kabisa mstari mmoja wa maelezo. Ndipo tunaitafutia Kiingereza cha kukaa kando yake. Sentensi ya kutunga ilikuwa haramu. Niliwahi kumwona akifuta ukurasa mzima kwa sababu mfanyakazi mmoja aliandika "Ng'ombe anakula majani", na alipoulizwa ni nani aliyemwambia, akakiri kwamba ni yeye mwenyewe.

Mtaani walimwita Mzee Kadi. Alitembea na kadi tupu kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, na kalamu kando yake. Watu wakigombana sokoni, wenzake wanaamua ugomvi, yeye anaandika. Kinyozi wake akimwona anaingia, ananyamaza. Sisi nyumbani tulizoea. Mama alikuwa akimwambia, "Nikikuita uje kula, njoo na tumbo, kalamu iache huko huko." Na hilo pia aliliandika. Limo kwenye herufi C, chini ya come, nenda ukatazame.

Wait alikihangaikia kuliko vitenzi vyote. Mswada wake ulikuwa mezani kwangu, karatasi nne zilizojaa pande zote mbili. Aliandika kwamba neno hilo liliingia katika Kiingereza yapata miaka mia nane iliyopita kutoka Kifaransa cha kaskazini, na kwamba Kifaransa nacho kilikuwa kimeliokota kwenye lugha za Kijerumani za kale. Ni ndugu wa watch, kutazama, na wa wake, kuamka. Mwanzoni halikuwa na maana ya kukaa tu mpaka kitu kitokee. Lilikuwa na maana ya kuwa macho, kulinda, kumvizia adui. Hata walinzi wa miji waliitwa kwa jina hilo hilo. Maana ya kukaa mahali mpaka mtu aje ilifuata baadaye, na baada ya hapo ikafuata ya kumhudumia mtu mezani. Baba alipenda sana hadithi hiyo ya asili. Aliwahi kuniambia, enzi tulipokuwa tunazungumza, kwamba neno hili lilizaliwa na macho, miguu ikaja baadaye.

Kwa matumizi, alikigawa kitenzi katika maana saba, akakipa kadi kumi na tisa. Ya kuvizia aliipata kwa mlinzi wa ghala: "Nilimkalia chonjo mpaka akajileta mwenyewe." Ya kuahirisha aliipata kwa fundi cherehani, na ukiwajua mafundi cherehani hutashangaa. Lakini kwa maana ya kwanza, ile ya kila siku, ya kumngoja mtu, mswada ulisema kwa wino mwekundu: "Kadi 1, si nyingine." Na kadi ya kwanza haikuwemo kwenye droo. Kuanzia ya pili hadi ya kumi na tisa zilikuwepo, zimepangwa vizuri. Ya kwanza ilikuwa pengo.

Mkuu wetu mpya tulimwita Saa Kumi, kwa sababu kila kazi aliitaka saa kumi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na tumbo la vidonda. Ijumaa moja mchana alikuja akasimama mbele ya meza yangu, mikono mfukoni.

"Dada, wachapaji wananisubiri kwa ajili ya ukurasa mmoja."

"Na mimi nasubiri kadi moja."

"Toka nje usimame kituo cha basi nusu saa. Sentensi za kungoja utazoa mia mbili."

"Baba ameandika si nyingine."

"Baba yako ni mgonjwa, Dada." Alisema kwa upole, nami nikamchukia kwa upole wake. "Namheshimu kuliko unavyodhani. Lakini saa kumi nisipokuwa na sentensi, natia ya kwangu."

"Ya kutunga?"

"Ya kutunga. Nani atajua?"

"Atajua yeye," nikasema. "Miaka thelathini na mmoja hajatia hata moja. Ukiitia utakuwa umemzika kabla hajafa."

Akakuna kidevu. "Saa kumi," akasema, akaenda zake.

Nikachukua mkoba. Nataka nieleweke hapa: sikwenda kwa Baba kwa upendo. Nilikwenda kwa ukaidi, na ukaidi ndicho kitu pekee nilichorithi kwake bila kukigawana na mtu. Njia nzima nilikuwa naipitia tena ile siku ya Mama, kama nilivyozoea kila nikielekea nyumba ile. Mama alilazwa kwa ajili ya figo siku kumi na moja. Siku ya mwisho Baba alikuwa naye asubuhi, akaondoka saa nne na robo. Saa sita na nusu hospitali ikapiga simu ofisini. Tulikimbia wote wawili, tukamkuta amefunikwa. Mwanamke wa kitanda cha pili alinivuta mkono akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mama alikuwa amemwomba mumewe asiondoke, na mumewe akaondoka. Nilimwuliza Baba mara moja tu, pale pale koridoni. "Ulikuwa unakwenda wapi?" Akasema, "Kazini."  Na mimi sikuuliza tena kwa miaka tisa.

Shangazi alifungua mlango, mikono yote ina povu la sabuni.

"Leo Jumapili imekuja mapema," akasema.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Kiti kile pale, na najua hutakikalia."

Baba alikuwa karibu na dirisha, kwenye kiti chake cha mikono, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni. Upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya goti, na ule mwingine Shangazi alikuwa ameulaza kwenye mto mdogo. Nilisimama mbele yake.

"Baba, natafuta kadi ya kwanza. Ya wait."

Alinyanyua macho haraka. "Bado," akasema.

"Kwenye droo haimo. Iko humu kabatini?"

"Hapana."

"Kwenye sanduku la vitabu?"

"Hapana."

"Ulimpa mtu?"

"Hapana." Jasho lilikuwa linaanza kumtoka kwenye paji la uso.

Shangazi aliingia akijipangusa mikono kwenye aproni. "Kadi gani hiyo ya kumtoa mgonjwa jasho? Si hicho kikadi chake cha mfukoni?"

"Cha mfukoni kipi?"

"Hicho. Kila nikimbadilisha shati ananishika mkono, haniachii mpaka nikihamishe. Nimekivalisha na plastiki, kisilowe. Mwanzoni nilidhani ni kitambulisho." Akanitazama. "Usiniulize kimeandikwa nini. Mimi sisomi mambo ya watu, na miwani yangu ilivunjika."

Mkono wa kushoto wa Baba ulikuwa umeshapanda kifuani. Vidole viwili vilikuwa vinahangaika kwenye mdomo wa mfuko. Ilichukua muda mrefu. Nilitaka kumsaidia, na Shangazi akanikata jicho, nikaacha. Mwishowe akaitoa, akaninyooshea.

Ilikuwa kadi yetu ya kawaida, ya rangi ya maziwa, pembe zimelika. Mwandiko ni wake wa zamani, ule ulionyooka.

Sentensi: Ngoja kidogo, usiende bado.

Msemaji: mke wangu.

Mahali: hospitali, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.

Tarehe ilikuwa ya siku ile. Saa: nne na dakika kumi, asubuhi.

Na kwenye mstari wa maelezo, kwa wino mwingine, ulioandikwa baadaye: Niliandika. Sikungoja.

Niliisoma mara tatu. Kitu cha kwanza nilichohisi ni hasira mpya, hata ile ya zamani ilikuwa nafuu. Kwa miaka tisa nilidhani aliondoka kwa sababu moyo wake ni mgumu, au kwa sababu hakuweza kuvumilia kumwona vile. Kumbe mkewe alimwambia maneno manne, naye akatoa kalamu. Alisimama kando ya kitanda cha mtu anayekufa, akaandika mahali, akaandika saa. Kisha akaenda kuitia kadi kwenye droo yake, maana kadi ikikaa mfukoni inaweza kupotea. Hakuna mtu mwingine duniani angekosea kosa hilo. Mwingine angekosea kwa ulevi, au kwa woga. Wa kwangu alikosea kwa sababu sentensi ilikuwa nzuri.

"Uliandika," nikamwambia. "Mama anakuomba, wewe unaandika."

Hakusema hapana. Alinitazama tu. Nami nilikuwa nimefungua kinywa nimmalizie, nimpe yote ya miaka tisa, ndipo nikakumbuka.

Siku ile, saa nne na dakika arobaini, Baba aliingia ofisini. Nilikuwepo. Siwezi kusema nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeliweka jambo hilo mahali nisipopita. Alisimama mbele ya meza yangu akihema kwa sababu ya ngazi, akaniambia, "Nimeipata ile ya kwanza." Miaka mitatu alikuwa ameitafuta sentensi hiyo, iliyo rahisi, isiyo na pambo, ambayo mtu angeisema na kila anayeisikia aelewe kungoja ni nini. Nami niliinuka nikampa mkono. "Hongera, Baba," nikasema. Sikumwuliza imetoka kwa nani. Sikumwuliza Mama ameamkaje. Nikaketi, nikaendelea na maneno yangu ya herufi H, nina furaha kwa ajili yake, mpaka simu ikalia.

Hata mimi hospitali ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Hata mimi nilikuwa kazini.

Nililia, na si kilio cha mtu mzima. Nililia kwa sauti mbaya, nimesimama vile vile, kadi mkononi. Shangazi alitaka kuja, kisha akarudi jikoni, nikamsikia anafungua bomba na kuliacha limwage maji bure.

"Baba," nikasema nilipoweza. "Nilikupa mkono. Ulikuja unacheka, nikakupa mkono. Mbona hukunikumbusha?"

Jicho la upande wake mzima lilikuwa limejaa. "Hapana," akasema. Lilikuwa jibu kamili. Angeweza kunikumbusha siku yoyote katika miaka ile, nikimnunia asubuhi, anijibu kwamba hata mimi nilikuwa kazini. Aliamua kuubeba mwenyewe mzigo wa watu wawili, mfukoni, upande wa moyo. Nilikuwa nimemhukumu mtu aliyekuwa ananisitiri.

Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa nane na dakika ishirini. Nami, mtoto wa Mzee Kadi, nikafanya nilichofundishwa. Nilifungua mkoba, nikatoa fomu ya wachapaji na kalamu, nikaanza kuinakili ile sentensi. Herufi zilitoka safi. Nilidhani hiyo ndiyo zawadi niliyonayo. Kitabu chake kitimie, na maneno ya Mama yakae ndani yake, chini ya maana ya kwanza, watoto wa shule wayasome miaka mia.

"Naipeleka, Baba. Saa kumi itakuwa kwa wachapaji. Kazi yako imekwisha."

Alinishika mkono wa gauni. Sikujua kwamba mkono ule wa kushoto bado una nguvu kiasi hicho.

"Bado," akasema.

"Hutaki iingie kitabuni?"

"Hapana."

"Basi unataka iingie?"

"Hapana. Bado."

"Baba, sikuelewi, na muda unakwisha. Nakwenda mara moja tu, nikirudi tutakaa tu…"

 Nilikuwa nimesimama mbele ya mgonjwa, kalamu mkononi, fomu imejazwa mpaka mstari wa tarehe, namwahidi kurudi. Nilijiona kama ambavyo mwanamke wa kitanda cha pili angeniona. Baba hakuwa ananizungumzia kitabu. Kitabu kilikuwa kimemtoka rohoni siku nyingi, labda tangu koridoni. Aliniomba kitu kimoja ambacho yeye aliombwa akashindwa, na aliniomba kwa neno lile lile la mwisho la sentensi ya Mama, alilobakishiwa.

Nikafunika kalamu. Nikaitia mkobani, na fomu nikaikunja nikaitia humo humo. Kadi nikamrudishia mfukoni mwake. Kisha nikakivuta kile kiti cha Shangazi nikakikalia. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Miaka tisa nilikuwa nakiona, sikujua.

Saa tisa na nusu simu ililia. Nilimpa Shangazi, maana Baba hakuuachia mkono wangu wa gauni.

"Yuko kazini," Shangazi akasema kwenye simu. Sauti ya Saa Kumi ilisikika mpaka kwangu, ikisema kazini ni wapi, kazini ni hapa alipo yeye. "Basi msubiri," Shangazi akasema, akaitia simu kwenye mfuko wa aproni bila kuizima, akaondoka nayo ikiita halo, halo.

Nilimtazama Baba. Sikuwahi kumtazama muda mrefu hivyo, nadhani hata utotoni, maana yeye ndiye aliyekuwa akitazama na kuandika. Alikuwa na kovu dogo chini ya sikio ambalo sikulijua. Kucha alikuwa amekatwa vizuri. Pumzi yake ilikuwa inakwama kidogo mwishoni, kisha inaendelea, na kila ikikwama nami nilikwama nayo. Nyuma ya ile kadi, nilikuwa nimeona mstari mmoja zaidi alipokuwa ananipa, mwembamba, wa penseli: Asili ni kuwa macho kwa ajili ya mtu. Jambo hilo nilikuwa nimelijua kazini kama maelezo, pale kitini nikalielewa kama kazi ngumu. Mgongo uliniuma. Mawazo yalikimbilia ukurasa, yakamkimbilia Saa Kumi, nikayarudisha kwenye uso wa Baba kama unavyorudisha mtoto anayetambaa kuelekea jikoni. Saa kumi ilipiga. Saa kumi na moja ilipiga. Akalala na mkono wangu wa gauni ukiwa kwenye ngumi yake.

Hakufa siku ile. Nasema kwa sababu nikisimulia jambo hili watu huanza kutafuta leso mapema. Aliamka jua likiwa linashuka, akanikuta pale pale, akanitazama kama anayehakikisha. Shangazi akamwuliza kama anataka chai. "Bado," akasema, tukacheka, hata mimi ambaye macho yalikuwa yamevimba.

Kamusi ilitoka baada ya wiki tatu. Nililetewa nakala ya kwanza, nikaipeleka nyumbani kwa Baba bila kuifungua. Nilimsomea kuanzia mwanzo wa kitenzi kile: asili yote ilikuwemo, maana zote saba, mlinzi wa ghala, fundi cherehani. Na chini ya maana ya kwanza, kama mfano, Saa Kumi alikuwa ametia hii: "Mtu anangoja basi." Katika kurasa elfu moja na mia mbili, ndiyo sentensi pekee ambayo haina msemaji.

Niliisoma kwa woga. Bega la Baba likaanza kutikisika, nikadhani anapatwa na kitu. Alikuwa anacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo mpaka Shangazi akatoka jikoni kuja kuona kama amepaliwa.

"Mtu gani huyo?" Shangazi akauliza nilipomsomea. "Na basi la wapi? Hana jina?"

Baba akazidi kucheka. Saa Kumi aliponiuliza Jumatatu kama nimekasirika, nilimwambia hapana, na toleo la pili likija aiache ile ile.

Niliomba likizo yangu yote iliyokuwa imelala, nikawa nakaa kwake kutwa. Hatukuwa na mengi ya kufanya. Asubuhi nilimsomea, mchana nilinyamaza, jioni Shangazi alitusimulia ya majirani, ambayo hakuyasoma bali aliyaona. Nilimwomba Baba msamaha mara moja, kwa maneno machache, naye akanipiga kofi dogo la shavuni kwa ule mkono wa kushoto, kama alivyokuwa akifanya nikikosea herufi.

Alikufa baada ya wiki sita, Jumatano, kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa. Alifungua macho, akanitazama muda mrefu, kisha akasema kitu. Si bado, wala si hapana. Yalikuwa maneno matatu, yamenyooka, kwa sauti yake ile ya zamani ya kusahihisha watu. Sijui yalipita njia gani. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mkoba ulimokuwa na kadi tupu. Mazoea ya miaka ishirini na miwili hayaombi ruhusa. Nikaurudisha. Nikaushika mkono wake mzima kwa mikono yangu yote miwili.

"Amesema?" Shangazi akauliza kutoka jikoni. "Nimesikia kama amesema. Amesemaje?"

"Acha vyombo, uje ukae," nikamwambia.

Akaja, akakaa upande wa pili, mikono yake bado imelowa. Tulimtazama mpaka mwisho, na hakuna aliyeangalia saa. Baadaye, tulipombadilisha shati, Shangazi aliihamisha kadi bila kuambiwa. Yale maneno matatu nilimwambia yeye tu, siku hiyo hiyo, sikioni. Sikuyaandika popote, na hapa pia siyaandiki.